UZI: Kondoo, kulungu na mafuta – igizo la Uskoti la 1973 lililopeleka kesi ya ardhi kwenye kumbi za vijijini

Mpigazumari

Wakuu salaam. Humu tukigusa sanaa na siasa huwa tunaishia kwenye mistari ya hip hop na vichekesho vya kampeni, leo nataka niwapeleke mbali kidogo, kaskazini ya Uskoti mwaka 1973. Kuna igizo linaitwa The Cheviot, the Stag and the Black, Black Oil, aliliandika John McGrath akishirikiana na kundi lake la 7:84. Jina la kundi tu lenyewe ni hotuba, mwaka 1966 jarida la The Economist liliandika kwamba asilimia 7 ya watu wa Uingereza wanamiliki asilimia 84 ya utajiri, jamaa wakaichukua namba wakaifanya jina. Yani ukiona bango ukauliza hii 7:84 ni nini, ushaanza kupigwa siasa kabla hujakata tiketi.

Kichwa cha igizo kimebeba mambo matatu. Cheviot ni aina ya kondoo walioletwa kaskazini kuanzia miaka ya 1790, mabwana wa ardhi wakagundua kondoo analipa kuliko mpangaji, wakafukuza watu. Kulungu ni zama za Malkia Victoria, matajiri wa kusini wananunua milima iliyobaki tupu wanaigeuza viwanja vya kuwindia. Mafuta ndo hayo yaliyogunduliwa Bahari ya Kaskazini mwishoni mwa miaka ya 60, kampuni za Marekani zikaanza kumiminika. Watatu hawa igizo linawafunga kamba moja, kila zama mali ni ya pale pale ila faida inapanda meli.

Sasa mimi sikuja kusimulia hadithi, hiyo mtaipata popote. Nataka tuongee WALIVYOLICHEZESHA. Msimamo wangu ni kwamba nguvu ya hii kazi haiko kwenye maneno makali, iko kwenye namna walivyoupanga ule usiku mpaka mwanakijiji akawa mwenye shughuli na wasanii wakawa wageni wake.

Walichukua mtindo wa ceilidh. Hii ni desturi ya Wagaeli, wenyeji wa Nyanda za Juu kaskazini ya Uskoti wenye lugha yao ya Kigaeli, jioni watu wanakusanyika kwenye nyumba ya mtu, mmoja anaimba, mwingine anasimulia, mwingine anapiga fidla, hakuna jukwaa wala mstari wa kusema huyu msanii yule mtazamaji. Basi ndivyo igizo lilivyoanza, watu wanaingia ukumbini fidla inapigwa tayari, waigizaji wapo pale pale wanajiandaa machoni pa watu na kupiga nao stori, hakuna pazia la kufunguliwa. Kisha anatokea mshereheshaji anasalimia, anatania baridi, anawaomba watu wote waimbe wimbo mmoja maarufu unaosema hii ni milima yangu. Ukumbi mzima unaimba kwa raha kabisa. Halafu saa mbili zinazofuata unaoneshwa kwa tarehe na majina jinsi milima hiyo isivyokuwa yako hata kidogo. Na igizo likiisha viti vinasogezwa, dansi linaanza mpaka usiku mkubwa, bendi ni wale wale waigizaji.

Hebu fikirieni hapo, umemwimbisha mtu uongo kwa mdomo wake mwenyewe akiwa anacheka!

Nyangumi77

Mkuu nondo hizi. Ila kwa sisi tusiojua, hao waliofukuzwa walifukuzwaje? Si walikuwa na machifu wao wa koo?

Mpigazumari

@Nyangumi77 swali zuri na ndo lenye uchungu. Waliowafukuza wengi walikuwa hao hao machifu, au warithi wao. Baada ya vita vya Culloden 1746 serikali ilivunja nguvu za koo, chifu akabaki na ardhi bila jeshi, watoto wake wakasomeshwa Edinburgh na London, wakarudi na madeni na ladha za mjini. Mtu aliyekuwa anahesabu ukubwa wake kwa idadi ya wanaume wenye panga akaanza kuuhesabu kwa kodi.

Sutherland, eneo la kaskazini kabisa, ndo mfano mbaya kuliko yote, kati ya 1807 na 1821 hivi maelfu walitolewa mabondeni wakasukumwa pwani kwenye vishamba vya mawe, wakaambiwa haya sasa kuweni wavuvi, watu ambao hawajawahi kushika nyavu. Msimamizi mmoja anaitwa Patrick Sellar alisimamia uchomaji wa nyumba kule bonde la Strathnaver 1814, ajuza mmoja mgonjwa akatolewa ndani moto umeshashika, akafa siku chache baadaye. Sellar alishtakiwa Inverness 1816 akaachiwa huru. Na hapa muone ujanja, shamba la kondoo lililopatikana baada ya watu kutolewa alilikodi Sellar mwenyewe.

Kwenye igizo hiyo sehemu haijafanywa melodrama. Sellar na James Loch, yule mtaalamu wa mipango wa familia ya Sutherland, wamesimama wanajadili maendeleo kistaarabu kabisa, pauni ngapi, sufu kiasi gani, huku wanawake wa kijiji wapo karibu na mizigo yao. Unamsikia mtu msomi mwenye hoja zinazoeleweka. Kisha mwigizaji anachukua karatasi anawasomea watu ushahidi wa Donald Macleod, fundi mawe wa Strathnaver aliyeshuhudia. Kusoma tu, bila kulia bila muziki. Kuna na sehemu wanasoma majina ya mabonde yaliyohamwa, orodha tu, na ukumbini mle kuna watu wanaotokea mabonde hayo hayo.

Bi Mwanatumu

Ahsante mwanangu Mpigazumari, umeeleza vizuri. Mimi niliiona ile ya televisheni, BBC waliirusha Juni 1974, aliyeiongoza ni John Mackenzie. Walichofanya ni kuwarekodi wakicheza kwenye ukumbi wa kijiji cha Dornie mbele ya watu wenyewe, kisha wakachanganya na picha za uhamisho zilizoigizwa nje mabondeni, na mahojiano na wafanyakazi wa mafuta. Nikuambie kilichonigusa: kamera inapowageukia watazamaji. Kuna wazee pale wamevaa makoti yao, wanacheka, kisha ghafla mtu hacheki tena. Ukitaka kujifunza maigizo ya siasa yanafanyaje kazi wacha jukwaa, tazama nyuso zile.

Na lile jukwaa lao mbona hujalitaja? Ile kitu ya John Byrne.

Mpigazumari

@Bi Mwanatumu shikamoo mama, nilikuwa naliwekea akiba 😄

Wakuu, mandhari yote ya igizo ni KITABU. Vile vitabu vya watoto ukifunua ukurasa picha inasimama yenyewe, sasa hiki kinampita mtu kimo, cha mbao na makaratasi magumu, kakichora John Byrne, msanii wa Paisley. Tukio likibadilika waigizaji wanafunua ukurasa, milima inainuka. Kilikuwa kinafungwa juu ya paa la gari lao, wanazunguka nacho kijiji hadi kijiji, feri hadi feri.

Kwanza ni shida ya kazi ilizaa hili, ukumbi wa kijiji hauna taa za maana wala sehemu ya kuning'iniza mapazia, unahitaji kitu cha kuwekwa kwa dakika chache na kuondolewa ili watu wacheze dansi. Lakini itazameni kama ishara. Mandhari ya Nyanda za Juu ambayo dunia nzima inayajua, milima ya zambarau, ukungu, kasri, ni picha ya kadi ya posta, Byrne anaisimamisha mbele yako kama kadi kweli, tambarare, yenye rangi za kupitiliza. Anakwambia uzuri huu umetengenezwa, kuna mtu kaukata kwa mkasi. Ukungu na ukimya wa mabonde yale watalii wanaouita asili, asili gani, pale palikuwa na moshi wa majiko.

Kitabu chenyewe kilinusurika, kiko kwenye hifadhi ya Maktaba ya Taifa ya Uskoti na kimeoneshwa makumbusho ya V&A kule Dundee.

mzee_wa_kaptula

Nitawaharibia sherehe kidogo. McGrath huyu si Mgaeli. Kazaliwa Birkenhead upande wa Liverpool, kasoma Oxford, kabla ya hapo alikuwa anaandika tamthilia za polisi za BBC. Waigizaji wengi wa lile kundi hawakuwa wanaongea Kigaeli. Igizo limeandikwa kwa Kiingereza, Kigaeli kipo kwenye nyimbo tu. Sasa huo si ndo mchezo ule ule tunaoujua, lugha ya wenyeji inawekwa kama kiungo cha supu, mambo mazito yanajadiliwa kwa lugha ya mkubwa?

Mpigazumari

@mzee_wa_kaptula hoja halali kabisa na wapo waliowahi kuisema. Ila ongeza haya kwenye mzani. Mke wake Elizabeth MacLennan, ambaye ni mmoja wa waasisi na mwigizaji mkuu, ukoo wake una mizizi Rogart, huko huko Sutherland, kwa hiyo hawakuja na ramani mkononi. Na mwimbaji wao Dolina MacLennan ni mtu wa kisiwa cha Lewis, Kigaeli ndo lugha aliyonyonya.

Sasa tazama nyimbo zimewekwaje. Zimeimbwa kwa Kigaeli, na baadhi ni za Màiri Mhòr nan Òran, mwanamama wa kisiwa cha Skye aliyezaliwa 1821, aliyefungwa Inverness 1872 kwa tuhuma ya wizi na mwenyewe akasema gereza ndo lilimtoa mashairi. Miaka ya 1880 akawa sauti ya wapangaji waliogoma, anaimba kwenye mikutano yao. Igizo zima la Kiingereza linamaliza kwa wimbo wake wa Kigaeli. Ukumbini Lewis au Skye wazee wanauitikia, mwanafunzi wa chuo aliyetoka mjini anakaa kimya hajui la kufanya. Mara moja katika usiku ule mwenye elimu ndo hajui na bibi wa kijijini ndo anajua. Hicho kiungo cha supu gani mzee wangu?

Njeri wa Limuru

Mmenigusa mahali. Wasee mnajua watoto wa Kigaeli walikuwa wanavalishwa kijiti shingoni wakipatikana wakiongea lugha yao shuleni? Sheria ya elimu ya Uskoti ya 1872 haikuitaja Kigaeli hata mara moja. Sasa hapa kwetu Kenya wazazi wetu walivalishwa kibao hicho hicho, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kuhusu hiyo. Na wamishonari wa Kanisa la Uskoti ndio walikuwa Thogoto, na ni miongoni mwa walioanzisha Alliance 1926, shule aliyosoma Ngũgĩ mwenyewe. Mimi hiyo huwa inanishinda kuelewa, mtu ametoka nchi ambayo lugha za watu zilipigwa hivyo halafu anakuja kufanya yale yale huku.

Na ukisoma huo mtindo wa kumbi za vijijini, mbona ni lile igizo la Ngũgĩ la kijiji cha Kamĩrĩĩthũ kabisa? 1977, wanakijiji wenyewe ndio waigizaji, Gĩkũyũ, nyimbo ambazo wazee wanazijua, mada ni ardhi na viwanda vya wageni. Miaka 4 tu baada ya hao Waskoti.

mzee_wa_kaptula

@Njeri wa Limuru na ndo hapo nasimamia hoja yangu. Kamĩrĩĩthũ wanakijiji walichangia kwenye maandishi na kucheza wenyewe kwa lugha yao kuanzia salamu hadi kwaheri. 7:84 wasanii wanakuja na gari, wanaondoka na gari.

Njeri wa Limuru

Hapo nakupa. Lakini pia tofauti ya majibu ya serikali ni kubwa. Hapa leseni ilifutwa Novemba, Desemba Ngũgĩ yuko ndani bila kesi, 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Huko walifanywa nini?

Mpigazumari

Huko hakukamatwa mtu. Walibanwa mfukoni, tena taratibu. Kundi lilikuwa linapata ruzuku ya baraza la sanaa, tawi la England likakatiwa katikati ya miaka ya 80 enzi za Thatcher, la Uskoti likaambiwa 1988 kwamba ruzuku inasitishwa, McGrath akajiuzulu. Akafariki 2002. Hakuna shujaa wa gerezani, kuna barua ya kiofisi tu na bajeti.

Shangazi Koku

Mimi nimechelewa nilikuwa jikoni lakini nimesoma zote. Naomba niongeze upande wa ishara maana hapo kwenye kulungu mmepita haraka mno.

Vazi la tartan, kile kitambaa cha mirabamiraba cha Waskoti. Lilipigwa marufuku kwa sheria ya 1746, marufuku ikaondolewa 1782. Kisha 1822 Mfalme George wa Nne anazuru Edinburgh, mwandishi Walter Scott anapewa kazi ya kupanga mapokezi, anawavalisha mabwana wote tartan, na mfalme mwenyewe mnene vile kavaa kilti (ile sketi ya wanaume) na soksi ndefu za rangi ya ngozi. Sherehe siku kadhaa. Hiyo ni miaka MICHACHE baada ya nyumba za Sutherland kuchomwa! Yani vazi la watu waliofukuzwa limevaliwa na waliowafukuza na wageni wao. Ukiniuliza mimi, igizo kubwa la kisiasa la Uskoti ni lile la 1822, serikali ndo iliyolicheza, na 7:84 walikuwa wanajibu igizo kwa igizo. Victoria na mumewe nao wakanunua kasri la Balmoral, na kulungu akawa nembo, ile picha ya Landseer ya 1851 ya kulungu dume kasimama peke yake mlimani imewekwa hadi kwenye chupa za pombe. Mtazameni huyo kulungu. Yuko peke yake kwa sababu watu wameshaondolewa.

Ndo maana kwenye igizo wawindaji wawili, Lord Crask na Lady Phosphate wa Runcorn (huyo utajiri wake wa viwandani umeandikwa kwenye jina), wanaimba wimbo wa kuchekesha wakisifia milima na wenyeji wazuri, watu wanacheka, wimbo unaendelea, na kabla haujaisha wamewaelekezea watazamaji bunduki wanawakumbusha walipe kodi na wasiitake ardhi. Hapo kicheko kinakukwama kooni.

Nyangumi77

Shangazi umeua 🙌 Na mafuta? Hiyo sehemu ilikuwaje, maana 1973 mafuta yenyewe hayajaanza hata kutoka.

Mpigazumari

Ndo utamu wake! Igizo lilizinduliwa Aberdeen Aprili 1973, mji wa mafuta wenyewe. Oktoba ile vita vya Mashariki ya Kati vikapandisha bei mara nne, mafuta ya kwanza ya Bahari ya Kaskazini upande wa Uingereza yakaja kutoka 1975. Kwa hiyo walikuwa wanaigiza habari ambayo haijatokea bado, na kadiri walivyozunguka waliendelea kuirekebisha. Kuna dalali wa Glasgow anaitwa Andy McChuckemup, kacheza Bill Paterson, anataka kujenga moteli na mabanda ya chipsi kila bonde. Na kuna Texas Jim, anaingia na ucheshi wa kirafiki kabisa, babu yake katoka huku huku, anaongoza dansi la mafuta, dansi linaenda kasi, anapandwa na wazimu, utu wote unamtoka anabaki mfanyabiashara. Kumbuka dansi ndo kitu cha wenyeji. Jamaa kakiteka mbele yao.

Halafu wanasiasa. Chama cha SNP, kinachotaka uhuru wa Uskoti, kilikuwa kinavuma na kaulimbiu ya mafuta ni ya Uskoti, kikawaalika wacheze kwenye mkutano wao mkuu Oban mwaka ule ule. Wakacheza, na ndani ya igizo mna ujumbe ulio wazi kwamba uzalendo hautoshi, tajiri wa Kiskoti naye yumo kwenye kesi. Mbele ya waalikaji! Ukumbi uligawanyika.

Bi Mwanatumu

Na msisahau kwamba hawakuwa peke yao. Kule Skye gazeti la West Highland Free Press lilianza 1972, kaulimbiu yake kwa Kigaeli ni ardhi, lugha na watu. Chuo cha Sabhal Mòr Ostaig kikaanzishwa Skye 1973 hiyo hiyo, bendi ya Runrig nayo ikaanza mwaka huo. Mambo yalikuwa yanachemka, igizo likakuta watu wako tayari. Huyu mzee wa kaptula akiuliza wenyeji walikuwa wapi, walikuwa hapo wakifanya yao. Na 1978 ndipo likaja kundi la Fir Chlis, maigizo ya Kigaeli ya kitaalamu, Kigaeli mwanzo mwisho.

mzee_wa_kaptula

Sawa mama, hilo la Fir Chlis nalipokea kwa mikono miwili. Halikudumu lakini.

Kipanga Mweusi

Swali la mwisho kwangu: imebadilisha nini? Ardhi iko kwa nani leo?

Mpigazumari

Igizo halikubadilisha sheria mkuu, tusidanganyane. Ila wapangaji wa Assynt walinunua ardhi yao 1993, kisiwa cha Eigg kikanunuliwa na wakazi wake 1997, bunge la Uskoti likapitisha sheria ya ardhi 2003 inayozipa jamii haki ya kununua. Upande wa pili, hesabu iliyotajwa sana 2013 ilikuwa kwamba wamiliki 432 wanashika nusu ya ardhi yote binafsi ya vijijini. Ndo maana jumba la maigizo la Dundee Rep walipolifufua 2015 chini ya Joe Douglas watu walijaa, mwaka mmoja tu baada ya kura ya maoni ya uhuru wa Uskoti.

Shangazi Koku

Na siku hizi mwenye ardhi binafsi mkubwa kule ni tajiri wa nguo kutoka Denmark, Anders Povlsen, ana mashamba hadi Sutherland. Huyu anapunguza kulungu kwa risasi ili misitu irudi. Wapo wanaomsifu sana kwa mazingira. Ila mpango ni wa mtu mmoja, sawa na Loch alivyokuwa na mpango wake wa maendeleo. Igizo lingeandikwa leo kichwa kingeongezwa miti.

Kipanga Mweusi

Miti na mitambo ya upepo, Shangazi. Umeme nao unapanda waya kuelekea kusini.

mzee_wa_kaptula

Na safari hii liandikwe kwa Kigaeli. Sensa ya 2022 imekuta watu zaidi ya 130,000 wenye ujuzi fulani wa hiyo lugha, waigizaji hawatakosekana.